Nafasi Ipo, Ila Imetawanyika

Vijana wa chumba cha kompyuta mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na nimekubali kwa kuwa mahindi yameshavunwa na sina kisingizio. Msitafute humu nilipanda cheo lini. Vyeo vyangu viko kwenye faili, faili liko masijala, na masijala wenyewe ndio wanaojua liko wapi. Nitawasimulia mashine, watu walionifundisha, na ile wiki ambayo nusura tupakie eksirei ya hospitali juu ya lori la dagaa.

Niliajiriwa kama mpiga chapa. Hospitali mnaijua, nadhani mmekaa humo mkisoma hapa badala ya kufanya kazi. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa taipureta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Pembeni yake palikuwa na kompyuta iliyofunikwa vitambaa viwili, na juu yake chombo cha maua. Nikauliza inatumiwa na nani. Nikajibiwa ni ya wageni. Wageni gani, hakuna aliyejua. Ilikuja na wafadhili, wafadhili wakaondoka, na tangu hapo ilikuwa ikifutwa vumbi kila Ijumaa.

Wiki ya pili nilihamisha maua nikaiwasha. Nilikuwa bado naikodolea macho wakati Mzee Ladislaus alipoingia. Huyu alikuwa fundi wa redio za mawasiliano, zile tulizotumia kuongea na zahanati za mbali, kila sentensi ikiishia na "ova". Nilisimama nikijua kibarua kimeota nyasi. Yeye akavuta kiti.

"Inasema nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni Kiingereza."

"Marahaba. Sijauliza lugha. Nimeuliza inasema nini."

Tulikaa na kamusi hadi saa ya chai. Mashine ilikuwa ikisema kitu kimoja tu, kwamba haioni kibodi. Kibodi ilikuwa kabatini, imehifadhiwa isichakae.

Mzee Ladislaus alivaa sweta lenye vifungo vitatu na bisibisi mfukoni, mahali ambapo wenzake waliweka kalamu. Alinifundisha kwamba kabla ya kufungua mashine yoyote, muulize mwenye nayo alikuwa akifanya nini ilipoharibika. Atakudanganya. Si kwa ubaya, ni kwa aibu. Nenda kanywe chai, rudi, umuulize tena. Na alinifundisha kuandika kila kitu kwenye daftari la kaunta: saa, mashine, na maneno yaleyale iliyoyasema mashine, bila kuyapamba. Siku moja ililetwa redio kutoka upande wa Matai, wakisema imekufa. Alipoifungua alikuta panya amezaa ndani. Kwenye daftari aliandika: "Wapangaji wanne. Wamehamishwa. Inaongea."

Aliporudi kwao Kasense kulima, kazi ya ufundi ikaniangukia mimi, na hapo ndipo matatizo ya mlangoni yalipoanza. Mtu anabisha hodi, nafungua nikiwa na bisibisi mkononi, anachungulia nyuma yangu.

"Shikamoo, mama. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, namaanisha yule anayetengeneza."

Nilizoea. Wengine niliwaambia fundi ametoka, warudi kesho, na kesho yake walimkuta fundi yuleyule amevaa kitenge kingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Seva yetu, kompyuta kuu iliyohudumia idara zote, ilitumia mfumo endeshi wa bure, ambao msimbo wake uko wazi: yeyote mwenye subira anaweza kuufungua na kuusoma. Subira nilikuwa nayo, kwa sababu intaneti yetu ya siku zile haikuniruhusu kuwa na tabia nyingine. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, sehemu inayoziamuru nyingine zote, na moja ya kazi zake ni kugawa memori. Programu ya famasi inaomba nafasi, inapewa, ikimaliza inarudisha. Ya maabara hivyohivyo. Niliisoma sehemu hiyo kwa miaka, ukurasa mmojammoja, kama watu wengine wanavyosoma novena. Sikuwa na shida nayo yoyote. Nilitaka tu kujua humo ndani wanagombania nini.

Kisha ikaja eksirei mpya. Mpya kwetu, kwingine ilikuwa imeshatumika. Haikutumia filamu, picha zilikwenda moja kwa moja kwenye seva, na daktari akaziona kwenye skrini. Mpiga picha wake alikuwa Hamza, mtu wa Tanga, aliyepangiwa Sumbawanga na hajawasamehe waliompangia. Baridi ya hapa ilimshinda kabisa. Lile aproni zito la risasi linalozuia mionzi alilivaa asubuhi akalivua jioni, hata kantini alikwenda nalo. Nilipomwambia kwamba uji hauna mionzi, alijibu kwamba yeye hajali mionzi, yeye anataka joto.

Mashine ilifanya kazi vizuri siku tatu. Ya nne ikagoma. Kwenye skrini ikaandika kwamba imeshindwa kupata memori, na Hamza akawatangazia wagonjwa kwa sauti ya kistaarabu ya kwao: "Jamani samahanini, mashine imeishiwa kumbukumbu." Bibi mmoja kwenye benchi akasema hata yeye ilimwanza hivyohivyo.

Nikaizima seva, nikaiwasha, ikapona. Msicheke, nanyi mnafanya. Shida ni kwamba seva ilikuwa moja. Ikizimwa, mapokezi wanasimama, maabara wanasimama, famasi wanasimama, na kuwaka kwake kulichukua karibu saa nzima kwa sababu ilipenda kwanza kukagua diski zake zote. Foleni ilifika getini. Baada ya miezi michache wagonjwa walikuwa wanajua ratiba kuliko mimi. Walifika asubuhi wakimuuliza mlinzi, "Leo inazimwa au haizimwi?"

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wauguzi walisema vumbi. Mlinzi alisema umeme. Akaletwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye begi zuri, na swali lake la kwanza halikuhusu mashine. Alimuuliza Hamza kama ni kweli watu wa huku wanatumiana radi kwa uchawi.

"Ni uongo," Hamza akamwambia, amekunja uso ndani ya aproni lake. "Ni Jumanne tu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mhandisi aliondoka na basi la mchana, na ripoti yake ilikuwa na mistari miwili: mashine ni mbovu, irudishwe Dar es Salaam.

Ijumaa Sista Eufrasia akaniita. Alikuwa katibu wa hospitali, mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kurudia neno.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Skola, lori la Alhaji Mbaraka linatoka Kasanga na dagaa Alhamisi. Litapita hapa kuchukua mashine."

"Leo ni Ijumaa, Sista."

"Ndiyo maana nimekuita leo."

Wote wawili tulijua mashine ikipanda lori hairudi, na kwamba mtu aliyevunjika nyonga atapelekwa Mbeya kwa basi, amelala kwenye viti vya nyuma, kila tuta akilihesabu kwa mfupa. Hilo ndilo lililoniuma. Kwamba tulikuwa na mashine nzima, tukaishindwa kwa sababu ya kitu ambacho hakionekani.

Jumamosi nilikwenda Kasense na daftari langu. Mzee Ladislaus alikuwa uani anapiga ulezi. Aliosha mikono, akavaa miwani, akasoma kurasa zote kimya. Mke wake alileta togwa, tukanywa, akasoma tena.

"Inakufa lini?"

"Siku ya tatu au ya nne."

"Mashine haijui siku, Skola. Inajua kazi. Hesabu picha."

Nikahesabu palepale. Kila ilipogoma, ilikuwa imeshapiga picha mia mbili na kidogo. Niliona haya.

"Na memori inakuwa imebaki kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu. Hilo ndilo linanichanganya. Ipo tele."

"Basi haikosi nafasi," akasema, akarudi kwenye ulezi wake. "Angalia inaitaka kwa namna gani."

Nilipoaga alinipa boga, kubwa kiasi kwamba kwenye pikipiki lilikaa katikati yangu na dereva kama abiria wa tatu.

Usiku sikulala vizuri, lakini hilo halihusiani na kazi, ni togwa. Jumapili baada ya misa nilikwenda kuchungulia msimbo, na nikaona. Programu nyingine zinaomba nafasi ndogondogo, popote pale. Draiva ya eksirei, yaani programu inayoiendesha, ilikuwa inataka kipande kimoja kikubwa, kisichokatika, kwa kila picha. Ikimaliza inakirudisha, na wadogo wanaingia humo na kukaa mmoja hapa, mmoja pale. Baada ya picha mia mbili nafasi ipo, ila imetawanyika, na kipande kirefu hakipatikani popote.

Nikatoka mbio kumtafuta Sista Eufrasia. Alikuwa kanisani anakunja vitambaa vya altare.

"Sista, chukulia kanisa lina nafasi mia, lakini watu wamekaa wakiachana. Ikaja familia ya watu kumi, wanataka kukaa pamoja. Watakaa wapi?"

"Hawakai. Kwa hiyo?"

"Ndiyo ugonjwa wa mashine."

Alikunja kitambaa kimoja, akaanza kingine. "Kwaya yetu ni watu thelathini. Umeshawaona wakikosa mahali?"

"Hapana. Wana mabenchi yao."

"Basi." Akaondoka na vitambaa. Nilibaki pale na aibu ya mtu aliyesoma kiini miaka yote na kuzidiwa na mtu asiyejua hata kuwasha printa.

Jumatatu niliandika marekebisho. Seva inapowaka tu, kabla programu yoyote haijaingia, kiini kitenge kipande kikubwa cha eksirei na mtu mwingine asikiguse. Kujenga kiini upya kulichukua saa sita kwenye kompyuta niliyokuwa nayo. Saa ya tano umeme ukakatika. Nikaanza tena.

Ilibidi sasa tujaribu, na mtu hapigwi eksirei kwa majaribio. Tukapiga boga. Lakini mfumo haukubali picha bila mgonjwa aliyesajiliwa, kwa hiyo Hamza akalisajili: jina, Boga, la ukoo, Kasense. Kwenye umri akaandika miezi minne. Akalipiga picha upande wa kulia, upande wa kushoto, kwa juu, akibonyeza na kuhesabu kwa sauti, amepata joto kwa mara ya kwanza tangu afike Rukwa.

Hatukufikiria kwamba picha zinakwenda kwa daktari. Zilikwenda. Daktari wa zamu alikuwa na foleni ndefu na moyo mzuri, akaandika: "Hakuna mvunjiko. Uvimbe ni mkubwa. Arudi baada ya wiki mbili." Mfumo ukapeleka jina mapokezi, na binti wa dirisha la pili akaita mara tatu, "Boga Kasense! Boga Kasense!" Mama mmoja kwenye foleni akajibu, "Ametoka kidogo, anarudi."

Mchana wa Jumanne boga lilivuka picha mia mbili, kisha mia tatu, na mashine haikugoma. Nilikuwa najiandaa kushangilia wakati famasi waliponipigia simu. Programu yao imeganda. Kisha maabara. Kisha mapokezi. Nilikuwa nimeitengea eksirei kipande kikubwa mno, wengine wote wamebanwa kwenye kilichobaki huku mabenchi ya kwaya yako matupu. Nikarudisha kiini cha zamani. Foleni ikafika getini.

Nilikaa kwenye stoo ya karatasi, nikaanza kuandika barua kwa Sista kwamba nimeshindwa. Niliiandika vizuri, kwa mwandiko wa mpiga chapa. Nilipofika kwenye "hivyo basi" Hamza akafungua mlango.

"Mama Skola, mbona umejifungia? Boga limeanza kulainika. Tunaendelea au tulipike?"

"Tumekwama, Hamza. Nikiitengea nafasi eksirei, wengine wanakosa."

"Hata ikiwa haipigi picha?"

"Hata ikiwa haipigi."

"Sasa wengine si wakae hapo kwa muda? Mimi ikija picha, wanipishe. Kwetu mtu akikaa kwenye kiti cha mwenyewe, mwenyewe akifika anainuka. Huku hamna adabu hiyo?"

Nilimwangalia. Nikaichana barua.

Wazo lilikuwa rahisi, kuliandika hakukuwa rahisi. Si kila anayekaa kwenye memori anaweza kuhamishwa. Wengine ukiwagusa mfumo wote unaanguka. Ilibidi kiini kiwatenge: wanaohamishika waruhusiwe kukaa kwenye kipande cha eksirei, wasiohamishika wapelekwe kwingine tangu mwanzo. Picha ikija, waliokaa wanahamishwa upesi, kipande kinakuwa wazi, picha inapita. Mistari sitini hivi. Niliianza asubuhi ya Jumatano, mchana nikajenga kiini, na umeme, sijui kwa huruma gani, haukukatika. Jioni tuliiwasha. Alhamisi tangu saa moja asubuhi Hamza alikuwa juu ya boga, na wagonjwa halisi wakipita katikati kila walipofika.

Saa nne lori la Alhaji Mbaraka liliingia getini likinuka Kasanga nzima. Tulikuwa tumefika picha ya mia mbili na kitu, palepale ilipokuwa ikifia. Na wakati huohuo akaletwa Mzee Kasiano kutoka Mwazye, amelazwa kwenye godoro nyuma ya gari ya kukodi, ameanguka kutoka juu ya ghala lake. Paja limevimba. Nilitamani aje mtu mwingine, boga jingine, chochote ambacho hakisikii maumivu.

Hamza alimweka sawa, akamwambia, "Mzee wangu, usitikisike. Na mashine ikikataa usihuzunike, huwa inaishiwa kumbukumbu."

"Mimi ninazo," Mzee Kasiano akasema. "Andika. Nilikuwa nimepanda kuziba paa. Mke wangu akaniambia ngazi hiyo imeoza. Nikamwambia nyamaza. Basi."

Hamza akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Nikahesabu moja, mbili. Nilisikia honi ya lori nje. Tatu. Kisha mfupa ukatokea, mweupe, umevunjika mahali pamoja, wazi kama mstari wa penseli. Nikachungulia dirishani: famasi wanatoa dawa, binti wa dirisha la pili anaita majina. Hakuna aliyejua kwamba kuna watu wamehamishwa na kurudishwa humo ndani, na hiyo ndiyo sifa ya kazi nzuri ya kiini.

Alhaji Mbaraka alikuja hadi mlangoni. "Mzigo uko wapi? Nimeacha magunia kumi ya dagaa Kasanga ili nipate nafasi."

Sista Eufrasia alikuwa ameshafika. Aliangalia skrini, akaangalia paja la Mzee Kasiano, akaniangalia mimi.

"Mzigo unafanya kazi," akasema.

"Basi nipigeni na mimi mgongo, nisiondoke bure."

"Lete kwanza karatasi ya daktari," Hamza akamwambia. Alhaji aliondoka akilalamika, na sidhani kama ametusamehe. Boga tulilipika Ijumaa. Hamza alikataa kulila, akisema amelizoea mno.

Nikayasafisha marekebisho yangu na kuyatuma ng'ambo kwa wale wanaotunza kiini, kwa sababu msimbo wa wazi una adabu yake: ukipata dawa unawapa na wengine. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Bwana mmoja alisema wazo ni zuri ila nimeacha nafasi vibaya mwanzoni mwa mistari. Nikarekebisha. Akajibu sasa nafasi ni nzuri, ila majina niliyotumia ndani ya msimbo ni marefu. Nikafupisha. Akauliza nimeyajaribu kwenye nini. Nikafikiri sana, nikaandika, "Kwenye hospitali." Sikutaja boga. Baada ya hapo kimya. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Nikajua yametupwa, na sikumlaumu mtu. Hata mimi nimetupa barua za watu.

Kwa hiyo kila toleo jipya la mfumo lilipotoka niliyaingiza mwenyewe kwa mkono, na siku ya kustaafu nilimkabidhi Neema, aliyekalia kiti changu, karatasi ya maelekezo iliyopigwa mistari kwa wino mwekundu. Kwenye sherehe yangu msema chochote aliwaambia wageni kwamba nilikuwa hodari sana wa kubadilisha wino wa printa. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mwezi uliopita nilikuwa napepeta maharage, Neema akanipigia.

"Shikamoo, Mama. Nimeweka mfumo mpya. Marekebisho yako yanakataa kuingia."

"Marahaba, mwanangu. Yanasema nini? Nisomee neno kwa neno."

"Inasema tayari yamo."

"Yamo wapi?"

"Humohumo ndani ya kiini, Mama. Yamekuja nayo kutoka huko. Nimefungua nikaona, mistari ileile. Hata jina lako lipo."

Niliuweka ungo chini. Nilimuuliza eksirei inakwendaje, akasema imepiga tangu Jumatatu bila tatizo, yeye hajagusa kitu. Yaani hapakuwa tena na haja ya karatasi yangu, wala ya mtu wa kuikumbuka. Nilidhani nitasikitika. Badala yake nilicheka peke yangu uani hadi kuku wakasogea.

"Ila wamekosea, Mama," Neema akasema. "Wameandika Skolastik. Hawakuweka A ya mwisho. Niwaandikie wasahihishe?"

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi usiiguse."